Mwongozo Kamili: Kupanga Siku Moja ya Kuzuru Makasri ya Wafalme wa Uswidi Ukiwa na Mwongozaji Wako Binafsi

Wasomaji wengi wanaoishi Uswidi, na wengine wanaokwenda huko kuwatembelea ndugu zao, wamekuwa wakileta lalamiko la aina moja: walimlipa mwongozaji, wakatoka Stockholm na familia nzima, na walipofika kwenye kasri wakakuta mlango umefungwa, au kundi la mwisho limekwisha kuingia, au mwongozaji wao haruhusiwi kuzungumza ndani ya vyumba. Karibu kila mara chanzo ni kimoja. Siku hupangwa kwa kuanzia na orodha ya makasri yanayotamaniwa, wakati inapaswa kuanzia na saa ambazo hakuna awezaye kuzibadilisha.

Mwongozo huu unafuata makasri mawili yaliyo kandokando ya ziwa Mälaren: Gripsholm, katika mji mdogo wa Mariefred, na Drottningholm, kwenye kisiwa cha Lovön jirani na Stockholm. Ukiuelewa utaratibu wake, utaweza kuutumia pia kwa makasri mengine kama Uppsala, Rosersberg au Ulriksdal.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kadi ya benki inayofanya kazi nje ya nchi uliyotoka. Fedha taslimu hazitumiki sana Uswidi, na maduka mengi huzikataa kabisa. Huduma ya Swish, ambayo wenyeji hulipia karibu kila kitu, inahitaji akaunti ya benki ya huko, kwa hiyo mgeni asiitegemee.
- Tiketi zote kwenye simu, na picha ya kila tiketi iliyohifadhiwa ili isitegemee intaneti, pamoja na betri ya akiba ya kuchajia.
- Viatu bapa vilivyozoea mguu. Nje utakanyaga changarawe na mawe, na ndani ni sakafu za mbao za kale ambazo visigino vyembamba huziharibu.
- Sweta na koti la mvua, hata mwezi wa Julai.
- Mkoba mdogo. Mabegi makubwa ya mgongoni hayaruhusiwi kuingia vyumbani.
- Chupa ya maji. Maji ya bomba nchini humo ni salama kunywa, hivyo utaijaza tena bure.
- Orodha ya wageni wako yenye umri wa kila mmoja, na alama kwa yeyote asiyeweza kupanda ngazi.

## Hatua ya 1: Chagua mwezi, kisha siku

Msimu unaokufaa zaidi ni kuanzia katikati ya Mei hadi mwishoni mwa Agosti, kwa sababu wakati huo makasri yote mawili hufunguliwa siku nyingi za wiki na mwanga wa jua ni mrefu mno. Mwezi Juni jua la Stockholm hukaa juu kwa takriban saa 18. Desemba mchana huwa kama saa 6 tu, na katika miezi ya baridi baadhi ya majumba hufunguliwa mwishoni mwa wiki pekee, huku mengine yakifungwa kabisa.

Epuka mkesha wa Midsommar, sikukuu ya katikati ya kiangazi, ambao huwa Ijumaa kati ya tarehe 19 na 25 Juni. Siku hiyo Waswidi wengi huondoka mjini na milango mingi hufungwa. Vilevile, ukishachagua tarehe, angalia ukurasa wa kila kasri uone kama kuna shughuli ya kifalme au tamasha, kisha uangalie tena siku mbili kabla ya safari. Drottningholm ni makazi halisi: familia ya mfalme imeishi katika upande wa kusini wa jengo tangu 1981, na vyumba vya wageni vinaweza kufungwa kwa sababu ya shughuli zao.

Hatua hii imekamilika pale unapoweza kutaja saa ya kufungua na ya kufunga ya kila kasri kwa tarehe yako, kutoka kwenye taarifa ya kasri lenyewe. Usichukue saa hizo kwenye tangazo la wakala.

## Hatua ya 2: Makasri mawili, yasizidi

Hapa ndipo tamaa huwaponza wengi. Mawakala hutangaza siku moja yenye Drottningholm, Gripsholm, Skokloster na Uppsala, na kwenye ramani inaonekana inawezekana. Ukijumlisha muda wa barabarani, kuegesha gari, foleni ya msalani na kuwasubiri wazee, kila kasri hubakiwa na dakika chache za kupiga picha ukutani. Mimi nashauri mawili tu, moja la ngome na moja la anasa, kwa kuwa tofauti hiyo ndiyo inayomwonyesha mgeni namna maisha ya wafalme yalivyobadilika.

Gripsholm ni ngome: mfalme Gustav Vasa alianza kuijenga 1537, kwa matofali mekundu na minara minene ya mviringo. Drottningholm lilianza kujengwa 1662 kwa amri ya malkia Hedvig Eleonora, kwa ajili ya fahari na bustani, na mwaka 1991 liliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Fahamu pia kwamba Skokloster, pamoja na uzuri wake wote, lilijengwa na jemadari Carl Gustaf Wrangel. Kwa hiyo ukiuziwa kama kasri la kifalme, uliza zaidi kabla ya kulipa.

Msomaji anayetoka Kongo, au anayejali historia ya uhuru wa Afrika, anaweza kuwa na sababu njema ya kuichagua Uppsala badala ya Gripsholm. Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyefariki 1961 ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola akiwa katika juhudi za kusuluhisha vita vya Katanga, alikulia katika kasri la Uppsala, ambako baba yake alikuwa gavana, na kaburi lake limo mjini humo.

## Hatua ya 3: Kata kwanza tiketi ya ukumbi wa maigizo

Katika siku nzima kuna jambo moja lisilosubiri mtu, nalo ni ziara ya ukumbi wa maigizo wa Drottningholm, uliojengwa 1766. Huwezi kuingia humo peke yako, na mwongozaji wako binafsi hawezi kukuingiza. Utaingia na kundi linaloongozwa na mtu wa ukumbi wenyewe, kwa saa iliyopangwa, na nafasi zina kikomo. Ukumbi hauna joto la kupasha, kwa hiyo ziara hufanyika katika msimu wa kiangazi na siku chache za kandokando yake.

Tafuta ziara ya Kiingereza iliyo karibu na saa tisa alasiri (15:00). Ukiipata, siku yako yote itapangwa kurudi nyuma kutoka hapo. Ukikosa, badilisha tarehe kabla hujamlipa mwongozaji, kwa sababu kubadilisha tarehe baada ya hapo hugharimu.

Tahadhari: tiketi ya kasri na tiketi ya ukumbi wa maigizo ni vitu viwili tofauti. Wapo waliofika na tiketi ya kasri wakidhani inatosha.

## Hatua ya 4: Mpate mwongozaji, umuulize kwa maandishi

Stockholm ina waongozaji walioidhinishwa, waliosomea kazi hiyo na kufanyiwa mtihani, nao huvaa beji. Anzia kwao. Kisha amua unataka mpango gani kati ya mitatu: mwongozaji pekee huku ninyi mkisafiri kwa treni na basi, mwongozaji anayeendesha gari lake mwenyewe, au mwongozaji pamoja na dereva wa pembeni. Mpango wa pili ni nafuu kuliko wa tatu, lakini anayeendesha hawezi kukusimulia vizuri huku akitazama barabara, na mkifika ataondoka kutafuta maegesho wakati ninyi mmesimama mlangoni. Kwa familia yenye wazee, dereva wa pembeni anastahili nyongeza hiyo.

Mwandikie ujumbe wenye maswali haya, na usilipe malipo ya awali mpaka yote yamejibiwa:

1. Je, unaruhusiwa kuzungumza na kundi lako ndani ya vyumba vya Gripsholm na vya Drottningholm, au unatuacha mlangoni?
2. Bei yako inajumuisha tiketi za kuingilia, maegesho, na kodi ya msongamano wa magari ya Stockholm, au tutalipa pembeni?
3. Saa za kazi zinaanza kuhesabika ukitufikia hotelini au ukiondoka kwako? Tukichelewa kurudi, kila saa ya ziada ni kiasi gani?
4. Gari lina kibali cha kubeba abiria kwa malipo? Teksi halali za Uswidi zina kibao cha namba cha rangi ya njano.
5. Tukighairi kwa sababu ya ugonjwa, tunarudishiwa kiasi gani, na mwisho ni lini?
6. Una viti vya watoto? Sheria ya huko inataka kila mtoto aliye chini ya sentimita 135 awe na kiti au kinga inayomfaa garini.

Swali la kwanza lina uzito kuliko mengine yote. Mtu anaweza kuwa msimulizi hodari wa mitaa ya Stockholm na bado asiwe na ruhusa ya kuongoza ndani ya kasri. Akikosa ruhusa, utakuwa umelipa pesa nyingi kwa dereva mwenye adabu.

Lipo pia suala la lugha. Mwongozaji wa Kiswahili ni nadra kumpata. Kama mama au babu haelewi Kiingereza wala Kiswidi, mteue mapema kijana mmoja wa familia awe mkalimani, umwarifu mwongozaji, na umwombe apunguze maelezo yake kwa nusu. Ukalimani huongeza muda wa kila chumba karibu mara mbili, na asipojua hilo ratiba yote itavurugika kabla ya saa sita mchana. Mkalimani naye apewe siku chache za kusoma majina: Vasa, Johan, Erik, Gustav III, Lovisa Ulrika. Majina hayo matano yatarudiwa kutwa nzima.

Utajua umepata mtu sahihi pale majibu yake yatakapokuja kwa maandishi, yakiwa na kiasi kamili cha fedha, naye akaanza kukuuliza wewe kuhusu ngazi, umri na chakula.

## Hatua ya 5: Andika ratiba kwa saa za aina mbili

Sisi tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza, ilhali tiketi ya Uswidi huandikwa 15:00 na kumaanisha saa tisa alasiri. Mzee akiambiwa na mkwewe "saa tatu" na mwongozaji akaandika 09:00, wote wako sahihi. Lakini kijana aliyekulia Uswidi atasikia "saa tatu" na kuelewa 15:00. Andika kila saa kwa namna zote mbili na uwatumie wote ratiba hiyo hiyo.

Kwa siku ya kiangazi, ikiwa Gripsholm linafunguliwa saa nne asubuhi, mfano wake ni huu:

- Saa mbili na dakika arobaini na tano asubuhi (08:45): kuondoka Stockholm.
- Saa nne asubuhi (10:00): kuingia Gripsholm.
- Saa sita mchana (12:00): chakula na sala, Mariefred.
- Saa saba na robo mchana (13:15): kuondoka.
- Saa nane na dakika arobaini mchana (14:40): kufika Drottningholm.
- Saa tisa alasiri (15:00): ziara ya ukumbi wa maigizo.
- Saa kumi alasiri (16:00): vyumba vya kasri, kisha bustani.

Tunaanza na Gripsholm kwa kuwa ndilo la mbali, takriban saa moja kwa gari kutoka Stockholm. Mkichelewa, kilichobaki kiko karibu na malazi yenu, na bustani ya Drottningholm haina kiingilio, hivyo mtaendelea kutembea hata milango ya kasri ikishafungwa.

## Hatua ya 6: Asubuhi, Gripsholm

Fikeni dakika 10 kabla ya kufunguliwa na mwende msalani kwanza. Minara ina ngazi nyembamba zenye kona, na ukishaanza mzunguko si rahisi kurudi nyuma. Asiyeweza kupanda akae kwenye ua na kando ya maji. Mandhari ya hapo yanatosha kumpumzisha.

Karibu na njia ya kuingilia simameni kwenye jiwe lenye maandishi ya kiruni (herufi za kale za watu wa kaskazini), lililosimamishwa na mama kwa ajili ya mwanawe Harald, ndugu wa Ingvar. Linasema kwamba walikwenda mbali kutafuta dhahabu, wakafia kusini, huko Särkland, jina ambalo watu wa kaskazini walizipa nchi za Waislamu. Kulitazama ni bure, na kwa maoni yangu linastahili dakika 5 kuliko mizinga iliyoko uani.

Ndani, mwombe mwongozaji atumie muda mrefu mahali patatu, na apite haraka kwingine. Kwanza ni chumba cha Duke Karl, ambacho kuta zake zilizochorwa za karne ya 16 zimehifadhika vizuri ajabu. Pili ni ukumbi mdogo wa maigizo wa mfalme Gustav III, uliobanwa ndani ya mnara wa mviringo. Tatu ni simba.

Simba huyu alitolewa zawadi na mtawala wa Algiers kwa mfalme Fredrik I mwaka 1731. Alipokufa, ngozi na mifupa yake vilipelekwa kwa fundi wa kujaza ngozi za wanyama waliokufa, ambaye inasemekana hakuwahi kumwona simba akiwa hai. Mtazame kwa makini: macho yamesogeleana mbele kama ya mtu, meno yamepangwa sawasawa, na ulimi umetoka nje. Msomaji aliyewahi kumwona simba Serengeti au Maasai Mara ataelewa kwa jicho moja yote yaliyokosewa. Waswidi wanampenda sana, na watoto hawatakubali kuondoka bila kumwona, kwa hiyo mwulize mwongozaji mwanzoni mahali alipo ili msimkose.

Gripsholm pia ndilo lenye mkusanyo wa picha za watu mashuhuri wa taifa, zikiwa nyingi mno. Usijaribu kuziona zote. Mwombe mwongozaji akuchagulie chache, na umwombe akusimulie habari za Badin, mtoto Mwafrika aliyetolewa kisiwa cha Saint Croix, koloni la Denmark wakati huo, akakabidhiwa malkia Lovisa Ulrika kama zawadi na kulelewa ndani ya jumba lake. Gustaf Lundberg alimchora 1775 akiwa na kete ya sataranji mkononi. Alifariki 1822. Mwongozaji mzuri ana mengi ya kusema juu ya mtu huyu, lakini wengi hawamtaji mpaka waulizwe.

Piga picha bila mwanga wa kamera, usiguse kuta, na pale mlinzi anapokataza, tii bila mjadala. Mmefanikiwa ikiwa saa sita kamili mnatoka na kila mtu anaweza kutaja chumba kimoja alichokipenda.

## Hatua ya 7: Chakula, sala na barabara

Siku za kazi, migahawa mingi ya Uswidi huuza mlo maalumu wa mchana kati ya 11:00 na 14:00 kwa bei nafuu kuliko ya jioni, na mara nyingi huwa na samaki, jambo linalomrahisishia Mwislamu asiye na uhakika wa nyama. Weka nafasi mapema, maana Mariefred ni mji mdogo. Katikati ya kiangazi adhuhuri huingia kama saa saba mchana kwa saa za huko (13:00), hivyo panga dakika zake kabla ya kupanda gari. Kando ya ziwa pana nafasi ya utulivu.

Barabarani una njia mbili. Ya kwanza hupitia mjini na daraja la Nockeby, ambalo hufunguliwa kupisha vyombo vya majini na kusimamisha magari. Ya pili hutumia kivuko cha magari kutoka Slagsta hadi Jungfrusund kwenye kisiwa cha Ekerö. Kivuko hiki ni cha serikali na hakina nauli. Mwambie dereva aangalie hali ya barabara kabla ya kuondoka Mariefred na achague, na muwe na dakika 20 za akiba kwa vyovyote.

Kama mmesafiri bila gari, mtashuka treni kwenye kituo cha Läggesta na kuna basi la kuingia Mariefred. Kurudi Stockholm kisha kwenda Drottningholm ni kwa treni ya chini ya ardhi hadi Brommaplan na basi kutoka hapo. Ongezeni angalau saa moja kwenye ratiba, na muichukue ziara ya ukumbi ya saa za baadaye ikiwepo.

## Hatua ya 8: Alasiri, Drottningholm

Nendeni moja kwa moja kwenye ukumbi wa maigizo, wala msiingie kasri kwanza. Kundi likishaingia, mlango hufungwa.

Ndani, tazameni kuta zinazoonekana kama marumaru: ni mbao, rangi na karatasi iliyofinyangwa. Chini ya jukwaa na juu yake kuna mitambo ya mbao ya karne ya 18 ambayo bado inafanya kazi. Watu wachache wakizungusha mtambo mmoja, mapazia ya pembeni yote husogea kwa pamoja na msitu hugeuka kuwa jumba kwa sekunde chache mbele ya watazamaji. Mawimbi ya bahari hufanywa kwa magogo yaliyopindwa yanayozungushwa, na radi kwa mawe yanayobingirika ndani ya sanduku la mbao. Mwanapwani aliyezoea kamba na roda za jahazi atauelewa mtambo huu haraka kuliko msomi. Muulizeni kiongozi wa ziara kwa nini vyote vimesalia: baada ya Gustav III kuuawa 1792 ukumbi uliachwa, ukawa kama stoo, hadi ulipogunduliwa upya 1921.

Baada ya hapo, mwongozaji wenu awapeleke kwenye vyumba vya kasri: ngazi kuu, chumba cha kulala cha Hedvig Eleonora, na maktaba ya Lovisa Ulrika. Saa moja inatosha. Banda la Kichina lililoko mwisho wa bustani ni zuri, lakini ni mwendo wa miguu, na hufunguliwa msimu wa kiangazi tu. Waende wenye nguvu, wengine wabaki karibu na chemchemi.

Walinzi wa kijeshi waliosimama lindo wana mipaka iliyowekwa alama. Usivuke kwa ajili ya picha, na umshike mkono mtoto mdogo. Dharura yoyote nchini humo hupigiwa 112.

## Hatua ya 9: Kufunga hesabu

Mkiwa bado bustanini, kubalianeni na mwongozaji saa aliyomaliza kazi, muiandike kwa ujumbe wa simu pale pale, na mlinganishe na bei mliyokubaliana katika Hatua ya 4. Lipeni kwa kadi au kwa ankara na mchukue risiti. Bakshishi si lazima Uswidi, na hakuna atakayekasirika usipoitoa; ukiridhika sana, unaweza kuongeza kidogo kwenye malipo.

Kama mna nguvu na tiketi za meli zimebaki, mwacheni dereva aende zake na mrudi Stockholm kwa meli ya kizamani inayotia nanga karibu na ukumbi wa jiji. Safari huchukua kama saa moja. Angalieni mapema saa ya meli ya mwisho, kwa sababu baada ya hapo itabaki njia ya basi hadi Brommaplan.